Vidokezo 12 kwa Muuguzi Anayetaka Ujuzi Wake Usilale

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Kwa fundi wa kusuka mikeka huenda ni kweli. Kwa muuguzi anayempumulisha mtoto aliyezaliwa kimya, ujuzi huanza kufifia ndani ya miezi michache tangu mafunzo, tena bila kumpa mwenyewe taarifa. Mkono unajiona bado hodari mpaka siku dharura inapoingia mlangoni.

Vidokezo hivi ni vya wauguzi na wakunga walioko kazini, hasa katika hospitali zetu za wilaya na mikoa, ambako zamu ya usiku inaweza kuwa na mtu mmoja au wawili kwa wodi nzima. Nimemfikiria zaidi yule mwenye dakika kumi tu kati ya kugawa dawa na kupokea mgonjwa mpya. Mwenye likizo ya masomo naye anakaribishwa, ila yeye ana nafasi ya kutosha.

1. Semina ichukulie kuwa mwanzo wa kazi

Kama kuna habari moja ambayo ningependa kila muuguzi aijue kuhusu mafunzo kazini, ni ya Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, mkoani Manyara. Mwaka 2010 watumishi wa hapo walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, yale yanayofahamika kwa jina la Helping Babies Breathe. Walipopimwa baadaye kwa mwanasesere wa mazoezi, walifanya vizuri zaidi kuliko kabla. Wengi wangeridhika hapo, wakaandika ripoti na kufunga faili. Watafiti walikwenda kuangalia leba kwenyewe, kwa watoto halisi, wakakuta huduma haijabadilika. Mtoto aliyehitaji kupuliziwa hewa aliendelea kuhudumiwa kama zamani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na ni heshima kubwa kwa hospitali hiyo kwamba iliyaweka wazi.

Baada ya hapo mtindo ukabadilishwa. Mazoezi yaliletwa leba, yakawa mafupi, dakika chache tu kila wiki, watu wawili wawili, na mara moja kwa mwezi zoezi refu kidogo. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Fikra hiyo hiyo ya mazoezi mafupi ya mara kwa mara ilipelekwa baadaye katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, pamoja na vifaa bora vya kufuatilia mapigo ya moyo ya mtoto. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto wa siku ya kwanza vimepungua kwa takriban asilimia 40.

Kwa hiyo ukirudi kutoka semina, wiki hiyo hiyo jiulize: zoezi la kwanza la dakika tano nitalifanya siku gani, na nani? Kama huna jibu, semina imeishia hotelini.

2. Anza na kinachoua wodini kwako

Fungua rejista ya wodi yako. Angalia miezi sita iliyopita wagonjwa walifariki kwa nini, na ni wepi waliopewa rufaa wakiwa wameshachelewa. Chagua mambo matatu tu. Kwako huenda ikawa nimonia ya watoto, kifafa cha mimba, kidonda cha upasuaji kilichoingia wadudu, au mgonjwa wa kisukari anayeletwa akiwa hajitambui. Hayo matatu ndiyo mtaala wako wa mwaka huu, hata kama tangazo la kozi lililobandikwa ubaoni linasema jambo lingine.

Kwa walioko leba, kuvuja damu baada ya kujifungua hakukosi kwenye orodha. Kwa miaka mingi tumekadiria damu kwa macho: kanga imelowa kiasi gani, shuka je, beseni je. Jicho linapunja. Nusu lita ya damu ikishanywewa na kanga mbili na pedi, haionekani kuwa nusu lita. Utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2023, uliwapa wakunga karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo, inayowekwa chini ya mama mara mtoto anapotoka. Damu ikifika kwenye mstari wa hatari, mkunga anakanda mfuko wa uzazi, anatoa oksitosini na asidi ya traneksamiki, anafungulia dripu na kuchunguza damu inatoka wapi. Anafanya yote kwa mfululizo, bila kungoja hatua moja ishindwe ndipo aanze nyingine. Madhara makubwa ya uvujaji damu yalipungua kwa asilimia 60.

Dawa zote hizo zilikuwepo kabatini tangu zamani. Kilichoongezeka ni kupima mapema na mikono iliyozoea mpangilio mmoja.

Kama hospitali yako haina mfuko huo, bado mnaweza kufundisha macho. Chukua maji yenye rangi nyekundu, nusu lita, uyamimine kwenye kanga kuukuu na pedi mbili. Waite wenzako wakadirie kabla hujawaambia kiasi chenyewe. Anayetaja kiasi kidogo mno leo ataangalia kanga kwa jicho lingine kesho.

3. Hesabu za dawa zifanye kwa kalamu, kila wiki

Chukua magnesiamu salfeti, dawa ya mama mwenye kifafa cha mimba. Dozi ya kuanzia ya mshipani ni gramu 4, nayo hutolewa ikiwa na nguvu ya asilimia 20. Kabatini mwako kuna ya asilimia 50. Sasa ni saa nane za usiku, mama anadegedeka, ndugu wako mlangoni wanalia, na wewe unatakiwa ujue kwamba unavuta mililita 8 za dawa, unaongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20, halafu unazisukuma taratibu kwa muda usiopungua dakika 5. Zinafuata gramu 10 za msulini, 5 kwa kila tako. Kabla ya kila dozi ya baadaye kuna mambo matatu ya kukagua: pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti liitikie likigongwa, na mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Kalsiamu glukoneti, gramu 1, iwe karibu na kitanda kwa ajili ya kuzuia sumu ya dawa iwapo pumzi zitadidimia.

Hesabu hii haifai kufanywa kwa mara ya kwanza mbele ya mgonjwa. Ifanye Jumatatu saa nne asubuhi, ukiwa na chai mkononi.

Ya pili ni ya matone. Lita 1 ya dripu kwa saa 8, kwa seti ya matone 20 kwa mililita: 1,000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata matone 42 hivi kwa dakika. Wiki ijayo badilisha saa ziwe 6. Wiki nyingine chukua seti ya watoto ya matone 60 kwa mililita. Bandikeni maswali matano chumba cha chai mwanzo wa wiki, majibu yabandikwe Ijumaa. Na kwa dawa za watoto, andika sifuri kabla ya nukta kila mara: 0.5, kamwe si .5, maana nukta iliyofifia kwenye faili humpa mtoto dozi mara kumi.

4. Hesabu pumzi dakika nzima

Kati ya vipimo vyote tunavyojaza kwenye chati, idadi ya pumzi ndiyo inayobuniwa zaidi. Pitia mafaili ya wodi yoyote utakuta wagonjwa wote wanapumua mara 20. Ilhali pumzi ni miongoni mwa vitu vya kwanza kubadilika hali ya mgonjwa inapoanza kuharibika, mara nyingi kabla presha haijashuka. Mtoto chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi 2 hadi 11 mara 50 au zaidi, wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi, huyo anapumua haraka na anahitaji kuangaliwa sasa hivi. Kaa, inua nguo, angalia kifua, tumia saa. Zoezi hili halihitaji mwalimu wala bajeti.

5. Geuza ripoti ya zamu iwe darasa

Kila hospitali ina darasa linalofunguliwa mara mbili au tatu kwa siku bila gharama, nalo ni kukabidhiana zamu. Tatizo ni namna tunavyolitumia. "Kitanda cha 7 anaendelea vizuri" ni sentensi ambayo haimfundishi anayeisikia wala kumlinda mgonjwa anayetajwa.

Ijaribu hivi: "Kitanda cha 7, mama wa siku ya pili baada ya upasuaji. Tangu saa kumi jioni presha imeshuka kutoka 120/70 hadi 95/60, mapigo ni 118, mkojo umekuwa kidogo. Nadhani anavuja damu kwa ndani. Nimeshampigia daktari, naomba mtu akae naye mpaka afike, na maabara waandae damu." Umetaja ni nani, nini kimetokea, unafikiri nini, unataka nini. Ukizoea mpangilio huo kwenye ripoti, utautumia pia kwenye simu unapomwita daktari usiku, na daktari atakuja haraka zaidi kwa sababu umemwambia kitu anachoweza kukitendea kazi.

Kile kipande cha "nadhani" ndicho kinachowapa shida wauguzi wengi. Tumelelewa kupokea maagizo, tukaona kutoa maoni ni kujipandisha. Lakini aliyekaa na mgonjwa saa nane ana jambo la kusema, na kulisema ni sehemu ya uuguzi. Anayekabidhi aulizwe swali moja kila zamu: unafikiri ni nini, na kwa nini? Swali moja linatosha. Msigeuze ripoti kuwa mtihani wa kumwaibisha mgeni.

6. Simu iwe chumba cha mafunzo

Global Health Media Project wana video fupi za huduma ya mama na mtoto mchanga, nyingine kwa Kiswahili, na unaweza kuzipakua bure. Programu ya Safe Delivery hufanya kazi hata pasipo intaneti ikishapakuliwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lina kozi za bure za mtandaoni zenye vyeti. Pakua ukiwa mjini au kwenye waifai, utazame ukiwa zamu tulivu.

Angalizo moja. Kwenye makundi ya WhatsApp dozi husambaa bila mwaka wala chanzo. Kabla hujakubali, linganisha na mwongozo wa Wizara ya Afya. Na mambo yanabadilika kweli: wengi tulifundishwa kwamba uchungu mkali huanza njia ikifunguka sentimita 4, ilhali mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 wa kufuatilia uchungu unahesabu kuanzia sentimita 5. Aliyemaliza chuo miaka kumi iliyopita akabaki na daftari lake la zamani anaweza kumharakisha mama ambaye hana tatizo lolote.

7. Aende semina anayemgusa mgonjwa

Hili nalisema waziwazi kwa sababu linawaumiza wauguzi wengi vijana. Katika sehemu nyingi, nafasi ya semina hugawanywa kwa kufuata zamu ya posho. Mafunzo ya kumhudumia mtoto njiti yanahudhuriwa na mtu aliyehamia ofisini zamani, huku binti anayekesha na watoto njiti kila usiku akisikia habari zake kwenye korido. Posho ni haki ya anayesafiri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na orodha inayoandikwa kwa kuangalia mfuko wa mtumishi badala ya kitanda cha mgonjwa.

Ukiwa wewe ndiye uliyechaguliwa, rudi na deni. Ndani ya siku saba, wafundishe wenzako jambo moja kwa vitendo, dakika kumi na tano, pale pale wodini. Usiwasomee slaidi. Waoneshe, kisha wafanye wao huku wewe ukiangalia. Utagundua wewe mwenyewe hujaelewa wapi, na hapo ndipo utakapofungua tena kitini chako kwa hamu.

8. Dharura ifanyiwe mazoezi usiku, na timu nzima

Tanzania ilipata idara yake ya kwanza kamili ya tiba ya dharura Muhimbili mwaka 2010. Kozi ya WHO ya huduma za msingi za dharura, ile inayomfundisha mtumishi kukagua njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu na kisha mwili mzima, ilijaribiwa Tanzania, Uganda na Zambia kabla ya kusambazwa. Maarifa yapo karibu yetu sana. Kinachobaki ni kuyafikisha kwenye wodi ya mwisho kabisa, saa tisa za usiku, wakati taa ya korido imeungua na aliye na ufunguo wa stoo yuko jengo la pili.

Ndiyo maana nasisitiza zoezi lifanyike usiku angalau mara moja kwa mwezi. Mweke mwanasesere, au hata mto, kitandani. Muuguzi mmoja apige kelele za kuomba msaada. Mwingine aangalie saa: toroli la dharura limefika baada ya dakika ngapi? Oksijeni imefunguka? Mfuko wa kumpulizia hewa una barakoa ya saizi ya mtoto, au ya mtu mzima tu? Nani alijua betri za laringoskopu zimekwisha? Kifua cha mtu mzima kikandamizwe mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, mikandamizo 30 kwa pumzi 2. Mtoto mchanga asiyepumua aanze kupuliziwa hewa ndani ya dakika ya kwanza, kama pumzi 40 kwa dakika, na kifua kionekane kikiinuka. Kifua kisipoinuka, hewa haiingii, hata kama mkono unabonyeza kwa juhudi zote.

Mwite na mhudumu wa afya, na mtu wa maabara, na mlinzi anayefungua geti. Wote hao wamo kwenye zile dakika za mwanzo za dharura. Mkimaliza, kaeni chini muulizane maswali matatu: kipi kimekwenda sawa, kipi kimetuchelewesha, tubadilishe nini kabla ya kesho. Jina la mtu lisitajwe kwa kulaumu. Atakayezomewa kwenye mazoezi hatakuja tena, na siku ya dharura ya kweli atasimama nyuma ya wenzake.

9. Mtafute mama wa wodi

Kila hospitali ina sista mmoja aliyekuwa wodi ya watoto tangu wengine tuko shule ya msingi. Anapata mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji wakati watu watatu wameshindwa. Akipita kitandani anasema, "Huyu mwangalieni, simpendi leo," na jioni inathibitika. Mwombe: "Mama, leo ukienda kuweka kanula niite." Simama upande wa mkono wake, uangalie anapopapasa, anavyokunja kifundo cha mtoto, anavyosubiri kabla ya kuchoma. Siku inayofuata uchome wewe, yeye akiwa pembeni.

Wengi wao hawajawahi kuombwa. Nawe una cha kumpa: mwoneshe kozi za simu na mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu ambao umemtesa tangu ulipoletwa. Hapo hakuna atakayeona aibu.

10. Daftari lako liseme zaidi ya pointi

Tanzania, kama ilivyo Kenya, kuhuisha leseni kunahitaji ushahidi kwamba umeendelea kujifunza, na Baraza la Uuguzi na Ukunga linahesabu pointi. Zikusanye mapema. Usingoje mwezi wa mwisho ukaanza kuhangaika na kozi yoyote ilimradi inatoa cheti. Kila unapomaliza mafunzo, piga picha ya cheti, ihifadhi mahali pawili.

Lakini kando ya faili la pointi, weka daftari dogo la mikono yako: tarehe, nilifanya nini, nani aliniangalia, nilikwama wapi. "Nimemweka mtoto mrija wa tumboni, nilipima urefu vizuri, nikasahau kuhakiki kabla ya kulisha, sista akanikumbusha." Baada ya miezi mitatu utajua wapi una uzoefu na wapi una cheti tu.

11. Ukitaka kupanda ngazi, uliza kabla ya kulipa

Kutoka astashahada kwenda stashahada, na kutoka stashahada kwenda shahada, ni safari ya miaka na fedha. Inawezekana ukiwa kazini. Kenya ilionyesha njia mwaka 2005, pale AMREF na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo walipoanzisha masomo ya mtandaoni ya kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti kufikia stashahada bila kuacha vituo vyao. Chuo Kikuu cha Aga Khan nacho kina programu ya shahada kwa wauguzi waliokwisha sajiliwa na walioko kazini, huku Afrika Mashariki.

Kabla hujatoa ada, uliza mambo manne kwa maandishi: chuo kimesajiliwa? Kozi inatambuliwa na Baraza? Mazoezi ya vitendo yatafanyika hospitali gani, na saa ngapi kwa wiki? Mwajiri atatoa kibali na kunibadilishia muundo nikihitimu? Wapo waliosoma kwa jasho, wakahitimu, wakabaki kwenye cheo kile kile kwa sababu swali la nne halikuulizwa. Zungumza pia nyumbani. Masomo ya muuguzi mwenye watoto wadogo yanabebwa na mume, dada, bibi na jirani, nao wanastahili kujua yatachukua muda gani.

Na usisome baada ya zamu ya usiku. Lala kwanza.

12. Kwa matroni, patroni na waganga wafawidhi

Muuguzi anaweza kufanya mengi kwa hiari yake, lakini hawezi kujipangia ratiba. Hiyo ni kalamu yenu. Mwanasesere wa mazoezi aliyefungiwa kabatini ili asichafuke hajamsaidia mtoto yeyote: mtoeni, awekwe leba, achakae kwa kutumiwa. Mteueni mtu mmoja kila wodi asimamie mazoezi ya wiki, na mumpunguzie wagonjwa wawili siku hiyo ili asiifanye kazi hiyo kama adhabu. Kwenye kikao cha kila mwezi, baada ya kuuliza mapato na dawa zilizoisha, ulizeni zoezi lilifanyika mara ngapi na toroli la dharura lilichukua dakika ngapi kufika. Kinachoulizwa kila mwezi na mganga mfawidhi ndicho kinachofanyika.

Ratiba ya mwezi ujao inaandikwa wiki hii. Tafadhali, wekeni humo dakika kumi za mazoezi kwa kila wodi kila wiki, ziandikwe kwa wino kama zinavyoandikwa zamu, na zisifutwe hata wodi ikijaa.